Unataka gari la zamani la Kiingereza? Lala chini yake kwanza

Juzi msomaji mmoja aliyeko Leicester kaniandikia: “Shikamoo kaka. Nimeona picha yako na kikombe. Na mimi natafuta Morris Minor, siku moja niipeleke kwenye maonyesho. Nianzie wapi?”

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu hapohapo kwenye simu, maneno yakanizidi. Halafu najua hauko peke yako. Waswahili wenzetu wengi huku Uingereza wanayatamani haya magari na hawathubutu kusema, wanaogopa kuchekwa. Basi najibu hadharani.

Kikombe chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani, lakini nimekiweka sebuleni mahali ambapo kila mgeni lazima akione. Ni cha gari lililochaguliwa na watazamaji, katika maonyesho ya magari na mabasi ya zamani huku Midlands. Wenzangu pale uwanjani walikuwa na Jaguar E-Type za kung'aa, MGB zilizopigwa rangi upya kuanzia chini hadi juu, Land Rover za mwanzomwanzo zilizorithiwa kutoka kwa babu. Mimi nilikuwa na Morris Minor 1000 ya mwaka 1959, kijani iliyochujuka, injini ya cc 948, kiti cha dereva kimepasuka mshono. Na watu wakanipigia kura mimi.

Sababu iko kwenye nguzo iliyo katikati ya milango. Mpaka mwaka 1961 Morris hizi hazikuwa na endiketa za kuwaka na kuzima kama za leo. Ukitaka kukata kona unageuza swichi, na kimkono kidogo chenye rangi ya chungwa kinachomoka ubavuni mwa gari, kinasimama mlalo, kinawaka. Ukirudisha swichi kinaanguka na kujificha ndani ya nguzo. Vyangu vilikuwa vimekufa siku nyingi. Nilivifungua juu ya meza ya jikoni, nikasafisha koili na kile kichuma kinachovutwa nayo, nikatia tone la mafuta mepesi kwenye bawaba, nikaunga waya mpya. Siku ya maonyesho kila mtoto aliyesogea nilimkalisha kwenye usukani nikamwambia: geuza. Foleni ilifika hadi kwenye gari la tatu. Wazee wenye bakora wakasimama kunisimulia gari la kwanza la baba zao. Baadhi ya majirani zangu walikuwa wamefunga kamba kuzunguka magari yao, na kibao cha kukataza kugusa. Sina ubaya nao, wana gharama zao. Ila watoto walikuwa kwangu, na wazazi wao ndio waliokuwa na karatasi za kura.

Lakini usidhani nilianzia hapo. Mwaka wa kwanza nilioipeleka Morris uwanjani, bwana mmoja aliizunguka, akachungulia ndani, kisha akaniuliza mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akauliza tena. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikafungua boneti, nikafungua kifuniko cha kabureta na kumwonyesha kiwango cha mafuta. Akaondoka bila neno. Miaka imepita, nikimkumbuka bado naumia.

Na walioniumiza zaidi ni wa nyumbani. Nilifika nayo kwenye harusi ya watu wetu, nimeifunga riboni nyeupe mwenyewe, na jamaa mmoja akaropoka mbele za watu: “Miaka yote hii Ulaya ndiyo unatuletea mkweche?” Wakacheka. Mke wangu akainamisha uso. Huyo jamaa alikuwa na gari jipya la mkopo. Leo mkopo umemshinda, gari limerudishwa, na Morris yangu ipo. Nasema hivi kwa sababu wewe mdogo wangu utachekwa pia, na utachekwa na watu unaowapenda. Jiandae.

Mimi kilichonitia moyo ni mzee wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi wa mabasi Tanga. Alirudi nyumbani na grisi kwenye kucha, akila kwa kijiko siku ambazo sabuni ilishindwa. Mlangoni pa stoo yake alikuwa amegongomelea kibati chenye jua linalochomoza, miale imetanda. Nilikipita kila siku ya utoto wangu bila kuuliza. Nilipokwenda maonyesho ya magari huku kwa mara ya kwanza, nikiwa mtazamaji tu, nikafika kwenye safu ya malori na mabasi, nikaliona jua lilelile mbele ya rejeta ya Albion. Albion walikuwa waundaji wa malori na mabasi, watu wa Glasgow. Leyland, kampuni kubwa ya Kiingereza ya malori na mabasi, waliwanunua mwaka 1951, na magari yao yaliletwa kwa wingi Afrika Mashariki, ndiyo yaliyobeba watu wetu na magunia yetu. Nilisimama pale nikalia hadharani, watu wanapita na aiskrimu zao. Mwenye lori akaja akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia baba yangu aliyatengeneza haya. Yule bwana akanivutia kiti, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, tukaongea mpaka watu wakaanza kufunga mahema.

Ndiyo maana nakwambia anzia kwenye mabasi hata kama unataka gari dogo. Watu wa mabasi wana moyo. Wengi ni madereva wastaafu, mafundi umeme, walimu, wanachangiana kununua basi moja na kulitengeneza Jumamosi kwa Jumamosi ndani ya banda la mkulima. Hutakosa kuona Routemaster nyekundu ya London: zilitengenezwa 2,876, ya mwisho mwaka 1968, bodi ya aluminiamu, na zilibeba abiria wa kawaida katika njia zao za kila siku mpaka Desemba 2005. Utaona na za Midland Red, kampuni ya Birmingham iliyokuwa inaunda mabasi yake yenyewe. Kwenye maonyesho mengi wanazungusha watu bure au kwa mchango mdogo. Panda, kaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa. Ukishuka usikimbilie picha. Mtafute dereva, muulize gia zake zinafanyaje kazi. Baadhi ya mabasi ya London yaliyotangulia Routemaster unachagua gia kwanza kwa kijiti kilicho chini ya usukani, halafu ndipo unakanyaga pedali kuiingiza. Dereva akishaanza kukueleza hilo, umepata rafiki. Rudi Jumamosi umsaidie kufuta madirisha. Mimi elimu yangu yote nimeipata hivyo, sikulipa hata senti.

Mzee mmoja wa mabasi ndiye aliyenipa neno ambalo nakupa na wewe: lala chini ya gari kabla hujaliangalia juu. Beba turubai, tochi na sumaku ndogo. Rangi ni ya kudanganyia macho. Pitisha sumaku kwenye vizingiti vya chini ya milango, kwenye matao ya matairi, pembeni mwa sakafu. Ikishika, pana chuma. Ikidondoka, hapo ni puti. Mimi sumaku imeniokoa hata baada ya kununua. Gereji moja, jina naliacha, ilinitoza pesa nzito kuchomelea vizingiti vyote viwili. Gari likarudi linapendeza. Nikapitisha sumaku upande wa kushoto, ikaanguka chini kwa sauti. Kutu ilikuwa palepale, imefunikwa puti na rangi mpya. Pesa hazikurudi. Nikajiandikisha darasa la jioni la uchomeleaji, nikakata vyote nikafanya upya kwa mikono yangu, na hadi leo vimekaa. Miezi ya kusugua msasa naiacha, haina hadithi.

Kwa Land Rover sumaku haitakusaidia kwenye bodi. Ilipoanza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu baada ya vita, wakatumia aluminiamu. Chasi yake ndiyo chuma, na ndiyo inayooza. Kwa hiyo hata hapo, chini kwanza.

Morris ina ugonjwa wake ambao lazima uujue. Miguu ya mbele inashikwa chini na kipande chenye nyuzi kama za skrubu ndani yake, na nyuzi hizo zinaishi kwa grisi. Zikikosa grisi zinalika kimyakimya, na siku moja unakata kona, tairi linalala chini ya gari. Muuzaji akikwambia gari limekaa bandani miaka mingi halijaguswa, kwake hiyo ni sifa. Wewe inyanyue kwa jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Halafu muulize mara ya mwisho limetiwa grisi lini. Akisita, punguza bei au ondoka.

Uliponitumia picha ya ile Morris Traveller yenye mbao nyuma, moyo ulinidunda, ni gari zuri. Ila mbao zile hazikuwekwa kwa urembo, ndizo zinazobeba nyuma ya bodi. Bonyeza kwa kidole gumba kwenye maungio ya chini, pale maji yanapotuama. Kidole kikizama, kuzibadilisha mbao hizo kutakugharimu kuliko injini.

Mafuta: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo inakula mipira na mabomba ya zamani. Weka ile ya daraja la juu, yenye asilimia 5 au chini ya hapo. Karatasi ni rahisi kuliko watu wanavyotisha. Gari likipita miaka 40 na halijabadilishwa sana, hulipi kodi ya barabara na halilazimiki kupelekwa ukaguzi wa kila mwaka. Lakini kusajili kodi hiyo ya sifuri lazima ufanye. Na mimi naipeleka ukaguzi hata hivyo, kila mwaka, kwa hiari yangu. Nina watoto wanaopanda humo. Mwenye gari la zamani asiyejali breki zake hana haki ya kujiita mpenzi wa magari.

Ndugu zangu, hapa niseme kwa uchungu kidogo. Tunajaza pesa kwenye magari ya kuonyesha watu kwenye sherehe, halafu watoto wetu hawajui hata kufungua boneti. Baba zetu waliitengeneza Leyland usiku, barabarani, kwa taa ya chemli na spana mbili, asubuhi basi likafika. Sisi tunaona aibu kushika grisi. Uwanjani kila mwaka nawaona wenzetu wakipita, wanapiga picha mbele ya Routemaster, wanaondoka, kama vile historia ile ni ya wengine. Ni yetu pia. Mabasi yale yaliendeshwa na watu waliotoka Karibiani, Asia na Afrika, na viwanda vile viliuza kwetu. Mchukue mwanao. Mpe spana. Mwache achafuke. Mzee aliye hai nyumbani mpigie simu leo, muulize aliendesha nini, aliitengenezaje, mrekodi sauti.

Na ukishapata gari lako usingoje likamilike. Langu halijakamilika. Peleka linavyotembea, bora breki, taa na usukani viwe salama. Fomu za msimu ujao hufunguliwa wakati wa baridi, jaza mapema kwa kuwa nafasi za uwanja huisha, na chagua kundi la magari yanayoendeshwa kila siku, si la kushindania ung'avu. Watakuomba karatasi ya maelezo ya kuweka kwenye kioo cha mbele. Andika mwaka, injini, na aliyelitengeneza. Mimi kwenye yangu nimeandika jina la mzee, na chini yake: fundi, Tanga. Watu wanasimama kuuliza Tanga iko wapi, nami nawaonyesha kwenye ramani niliyoibandika ndani ya buti.