Kwa Wakili Mpya Anayekabidhiwa Mkataba wa Franchaizi ya Vyakula vya Haraka

Mteja anayetaka kufungua mgahawa kwa franchaizi, yaani kwa leseni ya kutumia jina na taratibu za chapa ya nje, huuliza kwanza habari za ada ya kuingia na asilimia ya mrabaha (sehemu ya mauzo anayolipwa mwenye chapa), na wakili mgeni katika kazi hii humfuata huko huko. Ninakushauri uanze na kurasa za mwisho, zinazoeleza namna mkataba unavyoweza kusitishwa, sheria ya nchi gani itatumika na mgogoro utasikilizwa wapi, kwa sababu mrabaha unaweza kuukokotoa jioni moja, lakini shauri linaloendeshwa ng'ambo linaweza kummaliza mteja kabla hajatoa utetezi wake.

Isome kesi ya Burger King dhidi ya Rudzewicz. Rudzewicz, mhasibu wa Michigan, na mwenzake waliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni hiyo, yenye makao yake Miami wakati huo, ili waendeshe mgahawa karibu na Detroit. Mauzo yalipodorora walishindwa kulipa walichodaiwa, kampuni ikasitisha mkataba, nao wakaendelea kuuza kana kwamba hakuna kilichotokea. Kampuni iliwashtaki Florida, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kwamba mhasibu huyo angeweza kushtakiwa huko. Zingatia sababu zake: kifungu kinachotaja sheria ya Florida hakikutosha peke yake, ila kilipowekwa pamoja na uhusiano wa miaka mingi ambao mhasibu aliutafuta mwenyewe, uzito wake uliongezeka. Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba kuchagua sheria ni jambo moja na kuchagua mahakama ni jingine, ukaishia hapo.

Kwa wateja wetu wa Nairobi na Dar es Salaam, mara nyingi mahali pa mahakama huchukuliwa na usuluhishi wa ng'ambo, ambako msuluhishi binafsi hutoa uamuzi unaowafunga wahusika. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa New York wa 1958, unaohusu utekelezaji wa maamuzi ya usuluhishi ya nchi za nje, hivyo tuzo (uamuzi wa msuluhishi) iliyotolewa London inaweza kuletwa hapa na kutekelezwa dhidi ya mali ya mteja, isipokuwa kwa sababu chache za pingamizi.

Kesi ya Raymond Dayan ndiyo ninayoirudia zaidi. Mwaka 1971 alipewa leseni ya McDonald's kwa ajili ya Paris, kwa mrabaha wa asilimia 1, kiwango nafuu mno. Kampuni iliposema migahawa yake ni michafu na haifuati viwango, ikataka kusitisha leseni, alienda mahakamani kuizuia, akidai kwamba hicho ni kisingizio cha kumnyang'anya soko lililokwisha kuchanua. Pengine hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Hata hivyo mahakama ya Illinois ilimkatalia mwaka 1982, na rufaa yake ikashindwa mwaka 1984, kwa kuwa ukiukaji wenyewe ulithibitishwa. Nia ya mwenye chapa haimwokoi mwenye leseni ambaye jiko lake halisafishwi. Mwelekeze mteja ahifadhi kila ripoti ya ukaguzi, aijibu kwa maandishi na aambatanishe picha zenye tarehe. Tena, omba kitabu cha taratibu za uendeshaji kabla ya kusaini: viwango vimo humo, na kwa kawaida mkataba humruhusu mwenye chapa kukibadilisha peke yake.

Ubia wa nusu kwa nusu nao si kinga. Nchini India, mzozo wa McDonald's na mbia wake Vikram Bakshi ulianza 2013, ukafikia kusitishwa kwa leseni za migahawa 169 mwaka 2017, na ukamalizika 2019 kwa kampuni kununua hisa zake.

Marekani na Afrika Kusini humlazimisha mwenye chapa kutoa waraka wa taarifa siku 14 kabla ya kusaini. Kenya na Tanzania hazina sheria mahususi ya franchaizi, kwa hiyo taarifa hizo uziombe mwenyewe kwa barua: mashauri yaliyopita, matawi yaliyofungwa, na eneo ambalo mteja ametengewa, ikiwa ni pamoja na mauzo ya kupelekewa wateja nyumbani. Uliza pia ni nani mpangaji wa jengo. Ikiwa ni mwenye chapa, mteja akipoteza leseni huenda akatakiwa kuondoka na kuyaacha majiko aliyoyagharimia kwa mkopo wa benki.