Kabla ya kuilaumu mita, kagua breka

Wahandisi vijana wanaoingia chumba cha kuongozea gridi huniuliza sana swali moja: programu ya kukadiria hali ya gridi ya umeme kutokana na vipimo vya mita imegoma kutoa jibu, nianzie wapi? Wengi wanapouliza huwa wameshaanza, tena kwenye mita. Wametafuta mbili tatu zenye sura mbaya, wakazipunguzia uzito katika hesabu, programu ikatulia, wakaenda kunywa chai. Mimi nawaambia waanze na breka, yaani swichi kubwa zinazokata na kuunganisha laini za umeme.

Sababu imo ndani ya hesabu yenyewe. Hakuna anayeiona gridi kwa macho. Tulicho nacho ni vipimo vya volti, megawati (nguvu inayofanya kazi) na megavari (nguvu isiyofanya kazi, inayokwenda na kurudi) kutoka vituo vya kupozea umeme, na kila kipimo kina kasoro yake: transfoma ya kupimia iliyozeeka, mawasiliano yanayochelewa, kifaa ambacho hakijarekebishwa tangu kifungwe. Mwaka 1970 Fred Schweppe na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha namna ya kuishi na kasoro hizo. Unachukua vipimo vingi kuliko unavyohitaji, unakipa kila kimoja uzito kulingana na unavyokiamini, kisha unatafuta volti na pembe (kiasi ambacho wimbi la volti limetangulia au kuchelewa) za nodi zote, yaani maungio ya laini, zitakazofanya jumla ya miraba ya tofauti kati ya kila kipimo na hesabu, yenye uzito wake, iwe ndogo kabisa. Hesabu hiyo inazishuku mita zote. Ramani ya gridi, yaani laini ipi ina umeme na breka ipi imefunguka, haiishuku hata kidogo. Ramani ikiwa na uongo, lawama zinaangukia mita zinazosema kweli.

Mfano wa kusikitisha ni wa tarehe 14 Agosti 2003. Mchana ule MISO, taasisi inayosimamia usalama wa gridi katika eneo kubwa la kati ya Marekani, iliona programu yake ikitoa majibu yasiyokubalika. Laini ya kilovoti 230 huko Indiana ilikuwa imetoka, lakini kwenye ramani ya programu ilionekana bado ipo. Mchambuzi alizima kitufe cha kuiendesha programu kila baada ya dakika 5, akarekebisha hitilafu, akasahau kukiwasha tena, akaenda kula. Walipogundua na kukiwasha, programu iligoma tena, kwa sababu ileile: laini nyingine, ya kilovoti 345 kati ya vituo vya Stuart na Atlanta kule Ohio, ilikuwa imekatika tangu saa 8:02 mchana na ramani haikujua. Jibu sahihi lilipatikana saa 9:41 alasiri, na mfumo mzima ukarudi kujiendesha saa 10:04, dakika chache tu kabla gridi haijaporomoka. Watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Tusiitwishe programu mzigo wote, maana kulikuwa pia na miti iliyogusa nyaya na mfumo wa kengele uliokufa katika kampuni ya umeme ya Ohio. Lakini mara mbili kwa siku moja tatizo lilikuwa hali ya laini, wala si mita.

Ukitaka kuujua ugonjwa huu kwa dalili zake, chukua mtandao wa majaribio wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, wenye nodi 14. Usiyojua ni 27: volti 14 na pembe 13, kwa kuwa nodi moja unaipa pembe sifuri. Tengeneza vipimo arobaini na kitu, viongezee makosa ya kubahatisha, kisha geuza alama ya kipimo kimoja cha megawati, kama inavyotokea fundi anapounganisha nyaya za transfoma ya mkondo kinyume. Kipimo hicho kitajitokeza chenyewe: tofauti yake, ukiigawanya kwa mkengeuko wake sanifu, itavuka 3 mbali sana na kuwaacha wenzake nyuma. Sasa rudisha alama, kata laini moja kwenye gridi ya kweli lakini iache kwenye ramani. Safari hii hutaona mhalifu mmoja. Vipimo kadhaa vya ncha zote mbili za laini ile vitalalamika kwa pamoja. Malalamiko yanayozunguka laini moja au kituo kimoja ni dalili ya ramani mbovu, na kupunguza uzito hapo ni kuziba midomo ya mita zinazokuambia ukweli.

Dawa yangu ni simu. Nimeona programu ikitupa mita tatu nzuri za kituo kimoja kwa sababu aizoleta ya mkono, yaani swichi ya kutenganisha laini, ilikuwa imefungwa na mafundi ikawa inapitisha umeme, na haikuwa na waya wa kupeleka taarifa popote, hivyo ramani haikujua. Zamu mbili zilihangaika na kompyuta. Opereta wa kituo kile alipopigiwa simu alijibu kabla hajaulizwa mara ya pili.

Jambo la mwisho linawapita hata wazoefu. Ipo mita ambayo haijawahi kulalamikiwa, tofauti yake sifuri kila siku, na watu wanaisifia. Iangalie vizuri. Kama ukiitoa hesabu inashindwa kufanyika, basi sifuri ile haina maana yoyote: shahidi wa pekee hana wa kumpinga, na programu italazimika kukubali lolote atakalosema. Tengeneza orodha ya vipimo vya aina hiyo, uirudie kila laini inapotolewa kwa matengenezo, kwa sababu kipimo kilichokuwa na wenzake jana kinaweza kubaki peke yake leo. Fedha za mita mpya hazijawahi kutosha popote nilipofanya kazi, kwa hiyo ukienda kwa wakubwa kuziomba, peleka orodha hiyo na uombe kwa ajili ya vituo vilivyomo humo kwanza.