Jibu: Bharatanatyam ya kuchangia watoto wa selimundu Malindi, je, italipa?

Mleta uzi, salaam. Wengi waliokujibu hapo juu wanasema "piga harambee tu, achana na ngoma". Mimi naona tofauti, na kwa kuwa shughuli ya aina hii nimewahi kuishika kwa mikono yangu, nitakujibu kwa urefu kidogo.

Kwa wasiotaka kurudi juu kusoma: dada yetu anasema kuna wasichana wa Mombasa wanaojifunza bharatanatyam, ile ngoma ya kale ya India kusini, na mwalimu wao amekubali waje Malindi wacheze bila malipo ili mapato yanunue dawa za watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Anahofia watu wa mji hawataielewa ngoma yenyewe, na anahofia tiketi hazitarudisha gharama.

Mimi ni mtu wa viti, mahema na spika hapa hapa Malindi. Kundi kama hilo lilipokuja kwetu mimi ndiye niliyefunga vyombo, nikakaa na kwenye kamati. Kwa kifupi, italipa, ila usizitegemee tiketi. Na haitalipa kabisa mkiifanya ngoma iwe kachumbari ya kusindikiza hotuba.

Hilo la hotuba nalisema kwanza kwa sababu kamati zetu twazijua. Mgeni rasmi anakula saa nzima, wafadhili nusu saa, kisha mtangazaji anasema "sasa tupate burudani kidogo kutoka kwa watoto wetu". Dakika kumi, makofi, watu wanatawanyika. Wasichana hawa si wa kupewa dakika kumi. Wengi huanza kufunzwa wakiwa na miaka sita au saba, na hupiga mazoezi miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kusimama peke yao mbele ya watu. Ngoma yao ina mpangilio: alarippu ya kufungua viungo, jatiswaram ya miguu na mikono bila maneno, shabdam ambapo maneno yanaanza, kisha varnam ambayo ndiyo mzigo wenyewe, maana peke yake yaweza kwenda nusu saa au zaidi. Hufuata padam za masimulizi, na tillana ya kufungia, yenye mbio za miguu. Msichana akicheza mpangilio huo wote peke yake kwa mara ya kwanza, siku hiyo huitwa arangetram, na familia nyingi za Kihindi zilizo nje ya India huigeuza iwe ya kuchangia jambo la kheri badala ya kupokea zawadi. Kwa hiyo mwalimu hakukuzulia jambo jipya, ni mila anayoijua. Mwombe mpangilio mzima, wasichana wagawane. Kwetu palikuwa na mtu kwenye kamati aliyetaka varnam ikatwe ili wafadhili wapate nafasi. Tulimkatalia, na wafadhili tukawasoma majina wakati wa chai.

Sasa kuelewa. Watu wa Malindi wasiojua Uhindi ni akina nani? Wareno walipofika hapa mwaka 1498 walikuta wafanyabiashara wa Kihindi bandarini, na nahodha wa kuwavusha hadi Calicut walimpatia hapa hapa. Masikio yetu yamelelewa na Juma Bhalo, aliyezivisha tungo za Kiswahili mahadhi ya filamu za Kihindi. Lakini tusidanganyane: muziki wa bharatanatyam ni wa Karnataki, wa kusini, si ule wa filamu, na mtu aliyekuja akitarajia mambo ya sinema ataanza kuangalia simu yake dakika ya tano. Dawa yake ni mtangazaji. Usichukue MC wa harusi. Tafuta mwalimu wa Kiswahili mwenye ulimi, umkalishe na mwalimu wa ngoma alasiri moja, aelezwe kila kipande kinasimulia nini na mikono inasema nini.

Wetu alifanya jambo ambalo hadi leo watoto wa mtaani wanaliiga. Kabla ya shabdam alimwita msichana mmoja mbele, akamwomba aoneshe mkono wa samaki. Wao huuita matsya: kiganja kimoja juu ya mgongo wa mkono mwingine, vidole vimenyooka mbele, na dole gumba la kila upande linapiga maji. Mtangazaji akauliza, "Huyu ni nani?" Ukumbi mzima, "Samakiii!" Akaoneshwa tausi, likaoneshwa ua la yungiyungi likichanua, kila kitu kwa vidole tu. Baada ya hapo ngoma ilipoanza, nyuma yangu nilikuwa nasikia watu wakinong'onezana, "Huyo anachuma maua, huyo anamsubiri mumewe." Mzee mmoja mvuvi akabisha kwamba samaki yule ni kolekole.

Kuna mchangiaji ameuliza kuhusu sanamu na sala. Ni kweli, ngoma hii ilitoka mahekaluni, na hadi leo huwekwa sanamu ndogo ya Nataraja, yaani mungu Shiva akicheza ngoma, pembeni mwa jukwaa, na huenda wakaanza kwa kutoa maua. Kwenye majukwaa ya kawaida ilishika kasi miaka ya 1930. Rukmini Devi Arundale alianzisha chuo cha Kalakshetra kule Madras mwaka 1936, na wasichana wa kila namna wakaanza kuisoma. Ushauri wangu: usiwaombe wageni waifiche sanamu yao. Andika waziwazi kwenye mwaliko kwamba kipande cha kwanza ni cha ibada ya wenyewe, asiyetaka aingie robo saa baadaye. Kwetu wako waliochelewa makusudi, wakaja, wakakaa, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Ile salamu ya mwanzo na ya mwisho, msichana anapoinama akagusa sakafu, ni kuiomba radhi ardhi kwa vile ataikanyaga kwa vishindo. Mtangazaji alipoeleza hilo, akina bibi waliitikia kwa vichwa.

Sakafu. Hapa nisikilize vizuri maana ndiyo kazi yangu. Hoteli itakupa baraza lenye vigae karibu na bwawa, na itakwambia ni pazuri kwa picha. Kataa. Wasichana wanacheza miguu mitupu, magoti yamekunjwa na kufunguliwa nje, na wayo wote unapiga chini, tena na tena, kwa saa mbili. Kwenye saruji au vigae kishindo chote kinarudi kwenye vifundo na magoti, na kigae kikipata jasho kinateleza. Tandika mbao. Sisi tulilaza mabapa 12 ya plaiwudi, ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, tukapata jukwaa la futi 24 kwa 16. Chini yake fundi aliweka fito za inchi 2 kwa 2, kila futi moja, ili sakafu iwe na uwazi na itoe pumzi kidogo. Skrubu zote zizamishwe, kingo zipigwe msasa, maungio yafunikwe kwa tepu. Kisha vua viatu uitembelee mwenyewe, pembe hadi pembe, kabla hujamwita mwalimu. Usitandike zulia juu, linameza sauti na linamtegua mtu kifundo.

Faida nyingine ya uwazi ule ni kwamba miguu inasikika. Weka maikrofoni moja chini kabisa mbele ya jukwaa, ishike njuga. Muziki wao huwa wa kurekodiwa wakisafiri, basi simu au kompyuta iunganishwe kwa waya, bluetooth usiiamini, na simu iwekwe hali ya ndegeni isije ikaita katikati ya varnam. Genereta iwe inanguruma tangu mwanzo, mbali, nyuma ya ukuta. Stima za huku mnazijua.

Halafu ile rangi nyekundu wanayopaka vidole na nyayo, alta. Kwa joto letu haikauki upesi, basi wapake mapema. Hata hivyo plaiwudi zangu zilijaa nyayo nyekundu, na mwenye duka la vifaa aliyekubali kuzirudisha kwa bei pungufu alizishusha bei mara ya pili alipoziona. Akina mama wa hina na piko waliokuwa na meza nje walikuja kuichungulia rangi hiyo kwa macho ya kitaalamu. Meza yao ilituletea hela pia, usiidharau.

Sasa tufike kwenye pesa. Tiketi zetu zililipa ukumbi, mafuta na mbao, basi. Pesa ya dawa ilitoka kwenye tuzo. Pwani yetu mtu akiguswa na msanii hapigi makofi akaishia hapo, anainuka na noti mkononi, ndivyo taarabu ilivyotulea. Katikati ya kipande cha pili mama mmoja mtu mzima, buibui na mkoba kwapani, akainuka na noti ya mia mbili akaelekea jukwaani kwa mwendo wa madaha. Msichana aliyekuwa akicheza aliona, macho yakamtoka, lakini miguu haikukosa. Mwalimu aliyekuwa amekaa pembeni na matoazi yake akanitazama mimi. Katika ngoma yao hakuna wa kupanda jukwaani, na kumrudisha yule mama kwa aibu mbele ya watu kungeua shughuli. Mtangazaji, Mungu ampe kheri, alimwendea taratibu, akamwambia, "Mama, subiri wamalize, nawe utakuwa wa kwanza."

Kipande kilipokwisha akatangaza kwamba kila baada ya ngoma kuna nafasi ya kutuza. Tukaweka kikapu cha ukili chini ya jukwaa, wasichana wakasimama safu moja, viganja vimekutanishwa kifuani, na kila anayetuza wanamwinamia. Yule mama alianza. Wakafuata kina mama wa Shella, na wa Barani hawakutaka kusemwa kesho yake, wakaja na wao kwa kundi, na kikundi kimoja cha chama kikatuza kwa jina la chama. Baba mmoja wa Kihindi kutoka Mombasa, mzazi wa mchezaji, alikuwa hajapata kuona kitu kama hicho. Mwishoni akapanga foleni na yeye. Wasio na noti walituma kwa simu, namba ya till tulikuwa tumeibandika kubwa ukutani. Kikapu na till vilizidi tiketi zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo zungumza na mwalimu mapema, mpange nafasi hizo za kutuza pamoja naye, na kikapu kihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, mbele ya watu.

Jambo moja nakuomba: watoto wagonjwa msiwapandishe jukwaani. Nimefunga vyombo kwenye shughuli ambapo mtoto alisimamishwa mbele ya watu, akaelezwa maumivu yake kwa kipaza sauti huku yeye anatazama chini. Sikupendezwa. Watu walikuja kutazama ngoma iliyopikwa ikaiva, na wakiipenda watatoa. Mweke daktari au muuguzi, dakika tano, aeleze ugonjwa. Aseme kwa nini sisi wa Pwani na wenzetu wa Ziwa Victoria tunao kwa wingi: kurithi chembe yake kwa mzazi mmoja tu kunamkinga mtoto dhidi ya malaria kali, kurithi kwa wazazi wote wawili ndiko kunakoleta ugonjwa. Aseme kuna dawa iitwayo haidroksiyurea. Kilifi ilikuwa miongoni mwa sehemu nne za Afrika, pamoja na Luanda, Kinshasa na Mbale, zilizofanyiwa utafiti uliotoka mwaka 2019, na watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, na malaria, na haja ya kuongezwa damu, na vifo pia. Hayo yanatosha kumfungua mtu mfuko.

Lakini dawa hiyo humezwa kila siku, na mtoto lazima apimwe damu mara kwa mara ili dozi isimzidi. Ukinunua vidonge peke yake umefanya nusu ya kazi. Sisi tuligawa: sehemu ya dawa, sehemu ya vipimo, na nauli kwa wanaotoka mbali, Marafa na kwingineko Magarini, maana wako wazazi waliokosa kliniki kwa kukosa nauli tu. Pesa tulilipa moja kwa moja duka la dawa na maabara, risiti tukazituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Wakati: chagua likizo ya Agosti. Wasichana hawana shule, na hoteli zina Waitaliano wanaonunua tiketi bila kuuliza bei. Anza Jumamosi saa kumi na robo, watu wameshaswali Alasiri, umalize kabla ya Magharibi, wa mbali wapate matatu. Chakula, kumbuka familia nyingi za wachezaji hawali nyama: mahamri kwa mbaazi za nazi, viazi karai, bajia. Mafuta yasiwe yaliyokaanga sambusa za nyama, na wachezaji wenyewe wale kidogo, saa mbili kabla.

Mwisho, nauli ya gari la kuwatoa Mombasa, kilomita kama 120, na malazi yao. Hii isiguse kikapu hata shilingi, kwa sababu ndilo swali la kwanza utakaloulizwa mtaani. Tafuta mtu mmoja mwenye basi dogo alibebe hilo kwa jina lake, umtangaze mwanzo wa shughuli, na wasichana walale majumbani kwa familia, wawili wawili, pamoja na mzazi. Ukikwama kwa fundi wa sakafu niandikie faraghani, wangu yupo na vipimo anavijua.