Gereji ya Maswali: Nyuma ya kifaru kulikuwa na nani?

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Kaka yangu anasema batalioni ya vifaru vizito vya Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, vile vya Tiger, ilikuwa na vifaru 45 na watu karibu 1,000. Lakini kila kifaru kilibeba watu 5 tu. Hao wengine walikuwa wanakula bure?
— Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba. Kaka yako yuko sawa. Vifaru 14 kwa kila kombania (yaani kikosi kidogo ndani ya batalioni), kombania 3, na vingine 3 vya makao makuu: ndiyo hiyo 45. Waliopanda ni 225. Waliobaki, tena ndio wengi, walishika spana, usukani, sufuria na kalamu.

Mimi nimezeekea chini ya malori hapa Dodoma, kwa hiyo nianze na karakana. Batalioni ilikuwa na kombania nzima ya mafundi, mbali na kikundi kidogo cha mafundi kilichofuatana na kila kombania ya vifaru. Tiger la kwanza lilikuwa na tani 57, na magurudumu yake yalipishana safu kwa safu. Likiharibika gurudumu la ndani, unafungua kwanza ya nje, huku matope yameganda kwa baridi ya Urusi. Ukitaka kutoa gia, kichwa chenye mzinga lazima kinyanyuliwe. Hapo inasimamishwa kreni kubwa yenye miguu miwili inayokanyaga huku na huku. Aliyebuni mpangilio huo, nadhani, hakuwahi kulala chini ya gari.

Na kuvuta je? Umeona lori la mizigo likizama kwenye udongo mweusi wa Bahi msimu wa mvua, basi zidisha. Gari lao la kuvutia, lenye matairi mbele na minyororo ya kutembelea nyuma, kama ya kifaru, liliitwa Famo na lilikuwa la tani 18. Tiger moja lilihitaji Famo 3, mara nyingine zaidi. Amri ilikataza Tiger kuvuta Tiger mwenzake, kwani injini na gia ziliungua, lakini vitani askari walivuta hivyohivyo. Yaliposhindikana kuvutwa, wenyewe waliyalipua. Mengi yalipotea kwa njia hiyo, bila risasi ya adui kuyatoboa.

Mafuta nayo. Tangi lilimeza lita 540 hivi za petroli, ambazo porini zilikwisha kwenye kilomita 110 tu. Kwa hiyo kulikuwa na madereva wa malori ya mafuta na makombora, mchana na usiku. Mwaka 1944 madereva hao, wapishi na watunza bohari waliondolewa kwenye kombania za vifaru wakakusanywa kwenye kombania moja ya ugavi. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara: kamanda wa vifaru akabaki na vita vyake, mtu mwingine akahangaika na mapipa.

Makao makuu yalikuwa na wapelelezi, wenye mizinga ya kutungulia ndege, watu wa redio, daktari, na mafundi wa madaraja. Hao wa madaraja usiwadharau. Walitangulia kupima kila daraja kama litabeba tani 57, na likikataa msafara mzima ulitafuta njia nyingine.

Hata kupanda treni kulikuwa kazi: kifaru kilikuwa kipana mno kwa behewa, hivyo walivua minyororo ya vita ya milimita 725 na kufunga myembamba ya 520. Wakifika, wanabadilisha tena. Nani aliifunga? Wapanda kifaru wenyewe, na mafundi wakiwa karibu kuwakemea.