Kwa wanaoanza kusomea ufunguzi wa chesi: niliyojifunza kwa Efim Geller

Kila mwaka wa shule unapoanza, chumba chetu cha Jumamosi hapa Kaloleni, Arusha, hupokea vijana wapya, na swali la kwanza la wengi wao ni lile lile: "Mwalimu, nishike ufunguzi gani?" yaani hatua zipi za mwanzo wa mchezo. Wengi wamekulia kwenye drafti ya vizibo vya soda, wana jicho kali la kuona mtego, na wanaamini kwamba hata katika chesi kuna hatua za siri ambazo mkubwa akikunong'oneza utawafunga wenzako wote mtaani. Ninawajibu kwa kirefu hapa, na nitalijibu swali hilo kwa kumtumia mchezaji mmoja, kwa sababu katika miaka yote niliyokaa mbele ya ubao sijapata mtu ambaye maisha yake ya kazi yanalijibu vizuri kuliko yake.

Efim Geller alizaliwa Odessa mwaka 1925, akawa grandimasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji wa chesi, mwaka 1952, na akashiriki fainali za ubingwa wa Umoja wa Kisovyeti mara 23. Alizishinda mwaka 1955, kisha akazishinda tena mwaka 1979 mjini Minsk akiwa na umri wa miaka 54, katika mashindano ambayo Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa baadaye, alikuwamo akiwa na miaka 16. Hakupata kuwa bingwa wa dunia; mwaka 1962 kule Curaçao, katika mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa, alibaki nyuma ya Tigran Petrosian kwa nusu pointi tu. Hata hivyo, katika michezo yake na Mmarekani Bobby Fischer alishinda mitano na kufungwa mitatu. Walioishi naye katika mchezo huu walimjua kwanza kama mtu wa ufunguzi, na Mikhail Botvinnik, aliyekuwa bingwa wa dunia, aliwahi kusema kwamba kabla ya Geller hawakuuelewa Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme.

Kauli hiyo ya Botvinnik isomeni polepole, kwa maana imebeba somo zima. Hatua za ulinzi huo, ambao ni ufunguzi wa mweusi, zilikuwa zinajulikana tayari (nyumba ya ubao huitwa kwa herufi ya safu na namba ya mstari): mweusi anatoa farasi f6, anasogeza askari g6, anamweka askofu g7, anamficha mfalme pembeni kwa hatua moja ya pamoja na ngome, na anamwachia mweupe ateke katikati ya ubao kwa askari wake. Kilichokosekana ni maelezo ya kwa nini mweusi hafi baada ya hapo. Wakubwa wa zamani walimtazama askari wa d6, wakaona hana mwenzake wa kumlinda, wakahukumu kwamba nafasi ni mbovu. Geller, pamoja na Isaac Boleslavsky na David Bronstein, walionyesha kwamba mweusi akibadilishana askari katikati, mshazari mrefu wa askofu wa g7 unafunguka, farasi anapata kituo c5, ngome inapata safu ya e, na yule askari dhaifu wa d6 anakuwa gharama ndogo ambayo mweupe hapati nafasi ya kuidai. Ujuzi wa ufunguzi ulio wa kweli ndio huo: kujua unachotoa, unachopata badala yake, na kipande gani kitaifanya kazi hiyo.

Sikuyaelewa haya nilipoanza. Katika mwaka wangu wa pili wa kucheza nilikariri hatua 17 za tawi la Najdorf katika Ulinzi wa Sisilia, ufunguzi wa mweusi anapojibu e4, nilizokuwa nimezitoa nakala kwenye duka la steshenari karibu na Mnara wa Saa, na nikasafiri kwenda Moshi kwenye mashindano ya siku moja nikiwa na uhakika wa kurudi na zawadi. Mchezo wa pili nilipangwa na mzee mmoja mstaafu. Nilimwamkia, akaitikia, akaanza kwa e4. Tulikwenda sawasawa na karatasi yangu hadi hatua ya sita, ambapo nilimtarajia askofu wake aje g5, naye badala yake akasogeza askari mmoja wa pembeni, h3, akanywa chai yake. Nilikaa dakika ishirini na tano. Karatasi haikuwa na h3. Mwishowe niliamua kuendelea kana kwamba askofu yuko g5: nikacheza e6, nikamweka askofu e7, nikamficha mfalme upande wa kushoto, na wakati huo huo yeye akasukuma g4, kisha g5, farasi wangu wa f6 akafukuzwa kwenye nyumba yake, na kufikia hatua ya ishirini na mbili askari wa mzee walikuwa wamemfikia mfalme wangu mlangoni. Aliponishika mkono aliniambia, "Mwanangu, leo nimecheza na karatasi yako, wewe sijacheza nawe bado." Nilirudi Arusha na basi la jioni bila kusema neno.

Hatua ile ya h3 haikuwa ya ajabu hata kidogo. Kazi yake pekee ilikuwa kuiandaa g4, na mtu aliyejua kwa nini mweusi anacheza a6 na kwa nini farasi anakaa f6 angeiona nia hiyo kwa dakika mbili na kujibu katikati ya ubao kwa e5. Mimi nilijua mpangilio wa hatua, sababu zake sikuzijua.

Sasa nawapeleka Gothenburg, Uswidi, mwaka 1955, kwenye mashindano ya kuwatafuta watakaowania ubingwa wa dunia, kwa sababu mkasa wa huko ninaufundisha kila mwaka na kila mwaka ninaona jambo jipya ndani yake. Waajentina watatu, Oscar Panno, Miguel Najdorf na Herman Pilnik, walijikuta raundi moja wakicheza wote kwa vipande vyeusi dhidi ya Wasovyeti watatu, Geller, Paul Keres na Boris Spassky. Waajentina walikuwa wameandaa kitu kipya nyumbani katika tawi la Najdorf, tawi linalobeba jina la mmoja wao, na wote watatu wakakicheza siku hiyo hiyo: hatua ya tisa waliitupa g5, wakimtoa askari ili farasi wao apate kituo imara e5. Mbao tatu zikawa na sura moja.

Wekeni ubao mfuatilie kwa mikono. Geller ndiye aliyetangulia. Hatua ya kumi na moja, farasi wake mweupe aliyekuwa d4 alimla askari wa e6 na kujitoa kuliwa. Mweusi akamla, malkia mweupe akaja h5 na kumtishia mfalme, mfalme akakimbilia f8. Mpaka hapo mtu yeyote mwenye moyo wa kushambulia angeweza kufika. Hatua ya kumi na tatu ndiyo inayomtofautisha mtaalamu: hakumkimbilia mfalme, alimtoa askofu wake f1 na kumweka b5. Wanafunzi wangu karibu wote huuliza kwa nini amemweka mahali ambapo askari wa a6 anaweza kumla. Huwa siwajibu. Nawaachia ubao robo saa, hadi mmoja aone kwamba askofu akishatoka f1, mweupe anaweza kumficha mfalme wake kwa hatua moja na papo hapo ngome ikatokea safu ya f, ikimtazama mfalme mweusi uso kwa uso. Keres na Spassky wakaifuata njia ile ile, na jioni Waajentina wote watatu walikuwa wamefungwa.

Maandalizi ya Waajentina hayakuwa ya kizembe, na msiwacheke. Walikuwa wachezaji wakubwa, walifanya kazi nyumbani, na wazo la kituo cha e5 lilikuwa wazo zuri. Walichokosa ni kuuliza swali moja zaidi juu ya mfalme wao mwenyewe. Geller alilijibu swali hilo akiwa ameketi kitini, saa ikitembea, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kuitazama nafasi nzima hata pale hatua zinapoonekana zimeshakwisha kusemwa.

Mkasa huo una mkia ambao wengi hawausimulii. Miaka mitatu baadaye, Portorož, Yugoslavia, mwaka 1958, Fischer mwenye miaka 15 alikutana na Myugoslavia Svetozar Gligoric katika raundi ya mwisho na akaingia kwa hiari yake katika nafasi ile ile iliyowaua Waajentina. Askofu alipokuja b5, Fischer alisogeza ngome yake hatua moja tu, kutoka h8 hadi h7, ikailinda f7, na mchezo ukaisha sare. Ndiyo sababu nawaambia mweke tarehe kwenye kila ukurasa wa daftari zenu za ufunguzi. Kilichokuwa kweli mwaka 1955 kilihitaji kuangaliwa upya mwaka 1958, na leo, ambapo programu ya kwenye simu inaweza kupindua hukumu ya miaka ishirini kwa dakika moja, hitaji hilo limekuwa kubwa zaidi. Mwaka juzi msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye hakuwa amemsikia Fischer, aliitazama nafasi hiyo Jumamosi mbili mfululizo kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na ngome ikienda h7?" Sijapata kufurahi hivyo katika chumba kile.

Mfano mwingine unanigusa zaidi, kwa kuwa unahusu kazi ya kumwandaa mtu mwingine, na baadhi yenu mtakuja kuwa walimu. Mwaka 1972 Geller alikuwa msaidizi wa Spassky kule Reykjavik, katika mechi ya ubingwa wa dunia dhidi ya Fischer. Katika mchezo wa sita Fischer, aliyezoeleka kuanza na askari wa mfalme, alianza na c4, na mchezo ukaingia katika ulinzi wa Tartakower, ufunguzi wa mweusi ambao Spassky aliuamini sana. Hatua ya kumi na nne askofu wa Fischer akaenda b5. Spassky akajibu a6, polepole akabanwa, akafungwa, na mwishoni akampigia mpinzani wake makofi pamoja na watazamaji. Geller alikuwa ameshakutana na askofu huyo wa b5 mwaka 1970, alipocheza na Msovyeti mwenzake Semyon Furman, na alikuwa amelitafuta jibu hadi akalipata: malkia aende b7. Wachezaji wa kizazi hicho wamesimulia kwamba Spassky alikuwa ameonyeshwa jibu hilo kabla ya mechi, lakini siku ya siku halikumjia. Mwaka 1973, mjini Hilversum, kijana wa Kiholanzi Jan Timman akaifuata njia ya Fischer dhidi ya Geller mwenyewe. Malkia akaenda b7. Geller akamwacha askari wa c5 aliwe, akamtoa farasi a6, wakabadilishana naye kwa askofu, malkia wake akabaki a6 akiuchungulia mshazari hadi f1, na mfalme wa Timman akanaswa katikati ya ubao bila njia ya kujificha. Geller akashinda.

Hatua ni moja, na umbali kati ya kuonyeshwa na kuipata mwenyewe ni huo. Spassky alikuwa bingwa wa dunia, tena mwenye kumbukumbu ambayo mimi na ninyi hatuna, na bado kitu alichopewa na mkono wa mwingine kilimponyoka chini ya mzigo wa siku ile. Kwa sababu hiyo nimeacha kuwapa wanafunzi wangu karatasi zilizojaa hatua, na wazazi wanaolalamika kwamba watoto "hawafundishwi ufunguzi" nawaomba wavumilie angalau muhula mmoja.

Kwa kazi yenyewe, chagueni ufunguzi mmoja wa vipande vyeupe na miwili ya vyeusi, basi, na mkae nayo mwaka mzima hata mkifungwa. Mchagueni mchezaji mmoja aliyeicheza maishani mwake, na mpitie michezo yake kamili hadi mwisho, kwa vipande halisi, maana mfalme akibaki na askari wanne mwishoni, wale askari walipangwa hatua ya kumi. Katika daftari, upande wa kushoto andikeni hatua, upande wa kulia andikeni sababu kwa maneno yenu ya Kiswahili, na pale mnapokosa la kuandika kulia, acheni nafasi wazi ili muione aibu hiyo kila mnapofungua. Baada ya kila mchezo wenu, wa mashindano au wa kirafiki, wekeni mstari chini ya hatua ya kwanza ambayo hamkuijua, mjiulize nyumbani mngefanya nini, na mwulize mwenzenu. Simu iulizwe mwisho, baada ya ninyi wenyewe kuandika jibu. Mitego ya haraka inayozunguka mitandaoni ina raha yake, lakini mpinzani akishaijua mnabaki na nafasi mbovu msiyoielewa, na hapa Arusha tuko wachache kiasi kwamba mtego hujulikana na kila mtu kufikia mwezi wa pili.

Jumamosi hii tunaanza saa nane mchana na nafasi ya Gothenburg, baada ya mfalme kukimbilia f8. Kila mtu aje na daftari la mistari na penseli. Simu zitakaa kwenye kikapu mlangoni hadi saa kumi na moja, na mbao zetu mbili zina upungufu wa askari mmoja mmoja, hivyo mwenye vizibo vya soda safi avilete.