Jeraha, kidonda au mchubuko?

Swali: Nipo Ujiji, Kigoma. Tukipakua dagaa pale Kibirizi, mdogo wangu alikatwa na bati mguuni, akashonwa. Nesi kaandika "jeraha", mama anasema "kidonda", jirani anasema "kachubuka tu". Nani yuko sahihi?

Jibu: Nesi na mama wote wako sahihi, ila kila mmoja anasemea siku yake. Jeraha ni pale mwili ulipoumizwa: bati limepita, nyama imeachana, damu inachuruzika. Kidonda ni pahali penyewe pakishakaa, mnapaosha, mnapafunga, pengine panatunga usaha. Ndiyo maana ajali ya basi ina majeruhi, lakini tumbo lina vidonda. Hujasikia mtu akilalamikia majeraha ya tumbo, maana hakuna aliyemkata huko ndani. Mgonjwa aliyelala muda mrefu naye hutoka vidonda mgongoni bila kuguswa na kisu. Kikikua kikakataa kupona, watu hukivua ki- kikawa donda. Likiwa sugu kabisa, donda ndugu. Jeraha tulilipata kwa Waarabu. Donda ni la Kibantu: Wakikuyu wana kironda, Wazulu isilonda.

Jirani ndiye aliyekosea. Kuchubuka ni kutoka ngozi ya juu tu, kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe: pekundu, na maji yakigusa panachonyota. Palipohitaji uzi na sindano si mchubuko tena. Ukucha ukiacha mstari, huo ni mkwaruzo. Ngozi ikiwa nzima lakini chini pamekuwa peusi, damu imevilia.

Nami nina langu na waandishi wa habari, ambao kila panga kwao ni "kitu chenye ncha kali". Ncha hudunga, kinachokata ni makali. Hospitalini tofauti hiyo ina uzito: msumari au ndoana huacha tundu dogo juu na shimo refu ndani, mahali pasipofika hewa, na vijidudu vya pepopunda hustawi hapohapo. Bati lenu lilikata kwa makali, ingawa kuhusu sindano ya pepopunda msikilizeni nesi.

Na mama akiwaambia wadogo "msimtoneshe", hasemi habari za matone ya dawa ya macho. Kutonesha ni kugonga palepale penye kidonda, na sijui neno jingine linaloweza kushika nafasi yake.