Kabla ya Clyde Best alikuwepo John Charles

Unasema Clyde Best ndiye mchezaji mweusi wa kwanza wa West Ham, klabu ya London? Hapana ndugu, hakuwa wa kwanza. Yeye alitoka Bermuda akaanza kuichezea timu kubwa mwaka 1969. Kabla yake alikuwepo John Charles, beki wa kushoto, mtoto wa Canning Town, mtaa wa karibu kabisa na klabu, baba yake mtu wa Grenada. (Usimchanganye na yule John Charles wa Wales aliyechezea Juventus!)

Huyu wa West Ham alipitia timu ya vijana, na mwaka 1963 ndiye aliyekuwa nahodha walipochukua Kombe la FA la Vijana. Fainali ile ilikuwa balaa: Liverpool waliwapiga 3-1 kwao Anfield, marudiano nyumbani Upton Park West Ham wakashinda 5-2. Pia ndiye mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya vijana wa England.

Mdogo wake, Clive, naye alipita humohumo. Aprili 1972 Clive, Best na Ade Coker, mzaliwa wa Lagos, walianza pamoja dhidi ya Tottenham. Weusi watatu kikosi kimoja, Ligi Daraja la Kwanza (ligi ya juu kabisa England wakati huo), miaka ile!